Safari ya Mchanga: Habari za Ufuko wa Simiyu

Mtu akisimama asubuhi ufukoni mwa Nyanza, karibu na mahali mto Simiyu uingiapo ziwani, ataona maji yakitikisika, na matete yakiinama kwa upepo, na mchanga umelala kimya. Naye atadhani ya kuwa katika vitu hivyo vyote mchanga ndio uliotulia. Kumbe sivyo. Mchanga nao u safarini. Ulitoka mbali, haujafika uendako, na kila siku wasogea.

Twataka leo kueleza habari za safari hiyo: mchanga watoka wapi, nani auchukuaye, na jinsi ulivyoubadili ufuko wetu katika miaka iliyopita. Wala msidhani ya kuwa ni habari ya kupitisha wakati tu. Wako watu waliojenga, na waliolima, na hata waliogombana, juu ya nchi ambayo leo haionekani tena.

Kwanza tupaeleze mahali penyewe. Mto Simiyu waanza upande wa mashariki, katika mbuga za Serengeti na nchi ya Maswa. Wapita katika mashamba ya Wasukuma, kisha waingia katika Ghuba ya Speke, wilaya ya Magu, mashariki ya mji wa Mwanza. Ghuba hii ni mkono mrefu wa ziwa uingiao katika nchi kavu. Kaskazini yake kiko kisiwa cha Ukerewe, na kusini ni Usukuma. Jina la ghuba ni ukumbusho wa John Hanning Speke, Mwingereza ambaye tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa toka kilima kilicho karibu na Mwanza, akaliita Victoria kwa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu kale, ndilo Nyanza, wala hawakuwa wakingoja mgeni awaonyeshe maji yao.

Miaka 17 baadaye alikuja Henry Morton Stanley. Aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, na wapagazi wake walichukua mashua vipande vipande mabegani, mwendo wa siku mia na zaidi, hata wakafika kijiji cha Kageye katika ufuko wa ghuba hiyohiyo. Mashua ile iliitwa Lady Alice. Tarehe 8 Machi 1875 aliingia majini kulizunguka ziwa lote, akashika njia ya mashariki, na katika siku zake za kwanza akapita penye mlango wa Simiyu. Katika kitabu chake aliuhesabu mto huu kuwa ni chanzo cha Nile kilicho kusini kupita vyote. Leo wenye elimu wautaja Kagera, utokao katika milima ya Burundi na Rwanda, kuwa ndio mto mkubwa kupita yote iingiayo Nyanza, na maji yake ndiyo yatokayo mbali zaidi. Kageye hapohapo ndipo walipopandia vyombo wamisionari wa kwanza waliokwenda Buganda, Waanglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879.

Basi twamwomba msomaji afikiri jambo moja. Kageye pako, na Simiyu uko, na ghuba iko. Lakini ule mstari ambapo maji yalikutana na nchi siku ile Stanley alipopita, haupo tena. Umesogea mara nyingi tangu hapo, mbele na nyuma. Ramani yaonyesha mahali palipo. Haionyeshi jinsi mahali penyewe paendavyo.

Sasa tuulize: mchanga huu ulitoka wapi? Kila mtu aliyefika Mwanza ameyaona mawe makubwa yaliyopandana juu ya vilima na hata majini, kama lile liitwalo Jiwe la Bismarck. Mawe hayo ni ya itale, nayo ni ya zamani mno. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Jiwe la itale si kitu kimoja. Ukilitazama kwa karibu utaona chembe za namna mbalimbali zimeshikamana. Jua lalichoma mchana, na usiku lapoa, mvua yaingia katika nyufa, mizizi yalipasua. Chembe nyingine hulainika zikawa udongo wa mfinyanzi. Bali ziko chembe ngumu, nyeupe kama kioo, ambazo hazilainiki kamwe. Hizo ndizo mchanga. Basi mchanga tuukanyagao ufukoni ni mifupa ya mlima uliokufa.

Mto ndio mpagazi wake wa kwanza. Simiyu si mto wa maji mengi mwaka mzima. Wakati wa kiangazi waweza kuwa njia ya mchanga tu yenye vidimbwi, na watu huchimba visima katika mchanga huo wapate maji ya kunywa wao na ng'ombe wao. Lakini mvua kubwa ikinyesha bara, hushuka kwa kishindo, mwekundu kama damu ya ng'ombe, ukichukua magogo na udongo na mchanga pamoja. Mzigo ambao mto haukuuinua kwa miezi sita waweza kuuinua kwa siku mbili.

Mto ufikapo ziwani, hupotewa na nguvu. Jambo hili twaweza kulionyesha shuleni kwa urahisi. Tia konzi ya udongo katika chupa yenye maji, itikise sana, kisha iweke mezani. Mara moja mchanga utaanguka chini. Bali maji yatabaki kuwa mekundu hata kesho, maana matope ni mepesi. Hivyo ndivyo ilivyo penye mlango wa mto. Mchanga huanguka kwanza, karibu na ufuko. Matope huchukuliwa mbali ghubani, au huzuiwa na mafunjo na matete. Kwa sababu hiyo penye mlango wa mto pana mafungu ya mchanga, na mabwawa ya matope nyuma yake.

Hapo apokea mpagazi wa pili, ndiye wimbi. Wakaao ufukoni wajua ya kuwa usiku upepo huvuma toka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukavuma toka ziwani kuja nchi kavu. Wimbi liletwalo na upepo wa mchana mara nyingi halipigi ufuko sawasawa, bali kwa mshazari. Huuchukua mchanga na kuupandisha kwa mshazari. Kisha maji hurudi ziwani moja kwa moja kwa mteremko. Chembe iliyopanda kwa upande mmoja imeshuka kwa upande mwingine, imesogea hatua ndogo. Wimbi lingine laja, nayo yasogea tena. Ihesabu hatua hiyo kwa mawimbi ya mwaka mzima, nawe utaelewa jinsi fungu zima liwezavyo kuhama bila mtu kuliona likiondoka.

Katika kusogea huko mchanga hufanya ulimi mrefu mbele ya mlango wa mto. Ulimi hurefuka, nao mto hulazimika kuupinda mwendo wake, ukitafuta njia pembeni. Wavuvi waliozoea kupitisha mitumbwi mahali fulani huona pamekuwa na kina cha magoti tu. Kisha mwaka wa mvua nyingi mto hushuka kwa hasira, huukata ulimi katikati, na kufungua mlango mpya. Mchanga uliokatwa haupotei; wimbi hulichukua fungu lile na kuliweka mbele, na mahali palipokuwa na mwalo mzuri pakaharibika, na mahali pabaya pakawa pazuri. Mzee mmoja mvuvi alituambia ya kuwa mwalo ni kama mgeni mwema: ukiwa nao, ushukuru, lakini usiseme ni wako.

Mtu akituuliza kama mchanga una nguvu ya kufanya jambo kubwa kupita kuhamisha mwalo, twamjibu atazame Uganda, karibu na Masaka. Huko kuna ziwa dogo liitwalo Nabugabo. Zamani lilikuwa hori la Nyanza. Mawimbi yakajenga fungu la mchanga mbele ya hori, hata likafungwa kabisa, yapata miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Leo watu wapita kwa miguu katikati ya maji mawili ambayo zamani yalikuwa maji mamoja. Na ndani ya Nabugabo wamo samaki wa namna ambazo hazimo katika Nyanza, maana walitengwa na ndugu zao kwa ukuta wa mchanga. Chembe ndogo, zikiwa nyingi na zikiwa na wakati, zaweza kugawanya hata ziwa.

Mpaka hapa tumesema habari za mto na wimbi. Liko jambo la tatu, nalo ndilo lililowaponza wengi: ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Nyanza yapata maji yake mengi, kama sehemu nne katika tano, kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na lina njia moja tu ya kutoka, huko Jinja, ambako Nile huanza mwendo wake. Mvua zikizidi, maji hujaa. Zikipungua kwa miaka, hushuka. Wenye elimu waliochimba matope ya chini ya ziwa wamegundua ya kuwa yapata miaka 15,000 hivi iliyopita ziwa lote lilikauka, kisha likajaa tena. Kina chake ni kama mita 80 tu mahali palipo pa kina kirefu, kwa hiyo ziwa hili kubwa ni kama sinia pana, si kama chungu.

Vipimo vya maji vimeandikwa tangu mwaka 1896. Vyatuonyesha ya kuwa badiliko kubwa lilitokea mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika. Mvua zilinyesha kupita desturi, na hata kufika mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda karibu mita 2 na nusu. Msomaji aweza kusema, mita 2 na nusu ni nini? Ni kimo cha mlango na dari yake. Lakini ufuko wa mchanga una mteremko mdogo sana. Mahali ambapo nchi yashuka mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda mita 2 na nusu, yameingia mita 125 ndani ya nchi. Hivyo vilizama viwanja na migomba na njia za ng'ombe, na mawimbi yakaanza kukata ukingo mpya na kuchukua mchanga mahali ambapo hayakupata kufika. Wazee waliokuwa watoto siku zile hata leo huweza kukuonyesha kwa kidole, mbali majini, mahali palipokuwa nyumba ya baba zao.

Kisha ukaja wakati wa kinyume chake. Mwaka 1954 huko Jinja lilifunguliwa bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa laitwa Nalubaale, na baadaye likajengwa la pili karibu yake. Tangu hapo kutoka kwa maji kuliwekewa kanuni, kufuatana na kimo cha ziwa. Lakini katika miaka ya 2004 na 2005 mvua zilikuwa haba, na tena maji yaliyofunguliwa huko yalizidi kanuni. Hata mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kupita ilivyoonekana kwa miaka mingi. Ufuko ukawa mpana. Mafungu ya mchanga yaliyokuwa chini ya maji yakaonekana, nyuma yake pakatokea udongo mweusi wenye rutuba.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo sisi wenyewe twayajua. Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, palitokea nchi mpya mbele ya viwanja vya watu wawili, mtu na shemeji yake. Kila mmoja alisema, nchi hii yafuata kiwanja changu. Mmoja alipanda viazi na mboga, na mwingine akapeleka ng'ombe kukanyaga. Wakashtakiana kwa wazee, wakashtakiana barazani, na Jumapili mmoja alikaa upande huu wa kanisa na mwingine upande ule, wasipeane mkono. Watoto wao, waliokuwa wakisoma darasa moja nasi, walikatazwa kucheza pamoja. Mke wa mmoja, ambaye ni dada wa mwingine, alikuwa akipita njia ya nyuma kwenda kumwamkia ndugu yake. Hali hiyo ilidumu miaka mingi.

Ziwa likarudi kidogo kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2019 mvua zikazidi, na mwezi wa Mei 2020 maji yalifikia kimo cha mwaka 1964, hata yakakipita kidogo. Nchi ile waliyoigombania ikazama yote, na juu yake ikazama sehemu ya viwanja vyao vya halali. Tulikuwako siku waliposimama wote wawili ufukoni, wakitazama magugu-maji yakielea mahali palipokuwa na matuta ya viazi. Yule mkubwa alisema neno moja tu: "Shemeji, tuligombania kitu cha mwenyewe." Wakaenda pamoja kumsaidia jirani kutoa mabati ya nyumba yake. Twalisimulia jambo hili si kwa kuwacheka, maana ni watu wema, bali kwa sababu ugomvi wao ni ugomvi wa vijiji vingi.

Sasa twarudi juu mtoni, kwa maana habari ya ufuko haiishi ufukoni. Zamani vilima na mabonde ya Usukuma yalikuwa na vichaka vingi kuliko leo. Tangu miaka ya 1920, kwa ajili ya kufukuza mbung'o wauao ng'ombe, serikali ya Waingereza iliwaongoza watu wa Shinyanga na Usukuma kufyeka misitu. Mbung'o walipungua, na watu na ng'ombe wakaongezeka. Pamba nayo, iliyoletwa wakati wa Wajerumani, ikaenea katika nchi yote. Hatuilaumu pamba, imejenga nyumba nyingi na kulipia karo za wengi wetu. Lakini nchi iliyofyekwa na kulimwa bila kinga hutoa udongo wake kwa kila mvua. Udongo wa juu, ambao ndio chakula cha mimea, hushuka Simiyu na kuishia ghubani, ambako hauoteshi pamba wala mtama, bali hufunika mazalio ya samaki.

Mwaka 1947 serikali ile ilianza mpango mkubwa wa kuitengeneza Usukuma. Watu waliamriwa kufunga matuta ili maji yasikimbie, na kupunguza ng'ombe. Shauri la matuta lilikuwa jema. Lakini liliwekwa kwa amri na faini, na watu wakalichukia pamoja na wale walioliamuru, hata katika miaka ya 1950 mpango ukafifia. Tofauti na hilo ni kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986. Hao walishika desturi ya Wasukuma wenyewe, iitwayo ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe mpaka kiangazi. Katika ngitili miti ilirudi, na majani yakashika udongo, hata katika nchi za Maswa na Bariadi, zilizokuwa mkoani Shinyanga kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Basi mchungaji wa Maswa atengaye ngitili amsaidia mvuvi wa Magu, ijapokuwa hawajaonana.

Na sisi tukaao chini tuna makosa yetu. Twakata mafunjo na matete, ambayo ndiyo uzio wa ufuko. Twachimba mchanga wa mto na wa ufukoni kwa kujengea, malori kwa malori, kisha twashangaa ziwa likila ukingo. Mchanga ni riziki ya ufuko: wimbi likichukua huku, lazima mto ulete kule. Ukiuondoa mchanga njiani, wimbi haliachi kula. Litakula nchi yenyewe.

Kwa hiyo twatoa mashauri machache. Kwanza, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 toka ukingo wa ziwa au mto. Tusiione kuwa ni adui. Tena mwenye busara asianze kuhesabu toka maji ya leo, bali awaulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, na ajikumbushe mwenyewe yalifika wapi mwaka 2020, ahesabu toka hapo. Pili, tusizike wafu wetu wala kujenga kanisa au shule katika nchi iliyotolewa na ziwa. Nchi ya namna hiyo yafaa kwa mboga za msimu, kwa kuanika dagaa, na kwa kupandisha mitumbwi. Na ni vema kijiji kiihesabu kuwa ya wote, ili pasiwe na mashemeji wasiopeana mkono. Tatu, tuyaache mafunjo. Nne, walimu wa shule za ufukoni wasimamishe nguzo imara mahali pa juu, na kila mwisho wa muhula wanafunzi wapime kwa kamba toka nguzo hata maji, waandike tarehe na kipimo katika daftari moja lisilopotea. Baada ya miaka 20 daftari hilo litakuwa mwamuzi mwema kuliko kelele zetu.

Sote twaujua mfano wa Bwana Wetu juu ya wajenzi wawili, na yule aliyechagua mchanga. Tulipokuwa watoto tulidhani ya kuwa mtu yule alikuwa mjinga sana, maana nani asiyejua ya kuwa mchanga si imara? Leo, baada ya kuishi karibu na Simiyu, twamwonea huruma. Huenda alipojenga ulikuwa mwaka wa maji haba, na mchanga ulikuwa mpana, mkavu, na mweupe, na majirani wote walikuwa wakijenga hapo. Hakuuliza wazee. Kosa lake lilikuwa kudhani ya kuwa jinsi alivyopaona siku ile ndivyo pangekuwa daima.